Ukucha Mmoja Kurudi Nyuma

Mtu alipomletea baba yangu gari linaloumwa, baba hakumuuliza linaumwa wapi. Alikuwa na swali moja tu, na hakulibadilisha kwa tajiri wala kwa maskini.

"Inalia kama nini?"

Swali hilo liliwatesa wenye magari. Mwanaume mzima, tumbo mbele, funguo zinaning'inia kidoleni, alianza kusimulia habari za fundi wa kwanza aliyemdanganya na fundi wa pili aliyemharibia, na baba akamkatiza kwa upole: "Apana, papa. Ile ni historia. Minye nauliza sauti. Inalia kama nini?" Basi yule mtu aliangalia kushoto na kulia, akahakikisha hakuna mtu wa kanisani kwake anayepita, kisha akaigiza gari lake kwa mdomo. To-to-to. Kri-kri-kri. Pale pale uani kwetu, mtaa wa Panda, mbele ya mama yangu aliyekuwa akianua nguo. Mimi nilicheka mpaka nikafukuzwa. Baba hakucheka hata siku moja. Alitikisa kichwa kama daktari aliyesikia jambo la maana, akaenda kuchukua fimbo yake.

Fimbo hiyo ilikuwa mpini wa sururu uliovunjika, aliouchonga mwenyewe mpaka ukawa laini. Ncha moja aliiweka kwenye moteur, injini inayounguruma, ncha nyingine aliigandamiza kwenye mfupa nyuma ya sikio, akafumba macho. Aligusa hapa, akagusa pale. Kisha akasimama na kusema ni pompi ya maji, au ni valvu ya tatu, au ni kusineti, zile beringi za chini, na usiendeshe tena hata mpaka pale kwenye kona. Malipo yake yalikuwa chupa mbili za sucré, soda baridi, moja yake na moja ya mama. Alikuwa amefanya kazi gereji ya kampuni miaka yake yote ya nguvu, karibu na mashine kubwa za hewa zilizonguruma mchana kutwa, na watu walishangaa kwamba sikio lililolelewa katika kelele ile lingeweza kuchagua sauti ndogo namna hiyo. Mimi sikushangaa. Nilidhani baba wote wako hivyo.

Sasa mimi ni mama wa watu wazima. Nakaa mtaa wa Kikula na nauza samaki wakavu sokoni, na samaki wangu natoa Mwadingusha, kule kwenye maji ya bwawa. Anayenipeleka ni baba, kila Alhamisi, na kamioneti yake nyeupe, pikapu ya zamani ambayo rangi yake siku hizi ni nyeupe kwa heshima tu. Wenzangu sokoni huniuliza kwa nini nisikodi gari la vijana, linakwenda haraka. Nawaambia gari la vijana halina baba ndani. Wanadhani natania.

Kamioneti hiyo ni ya petroli, ya wakati ule magari hayakuwa na kompyuta. Moto wa kuwashia petroli unagawanywa na delko, kikombe cheusi chenye nyaya nne kila moja ikienda kwenye buji, plagi yake. Ukilegeza bulozi, ile bolti yake, delko inazunguka. Ukiizungusha upande huu, moto unawahi. Upande ule, unachelewa. Moto ukichelewa gari linakuwa zito kama mwenye malaria. Ukiwahi kupita kiasi, nguvu inapungua vilevile, petroli inalipuka kabla ya wakati wake, inapiga pistoni kichwani, na pistoni ikipigwa siku nyingi inatoboka. Mafundi wengine wana taa ya kupimia. Baba aliidharau taa hiyo, na kwa vyovyote isingemsaidia, kwa sababu alama za kupimia kwenye puli ya kamioneti zililiwa na kutu zamani.

Yeye alikuwa na njia ya zamani ya gereji yao. Analegeza bulozi, anavuta delko kidogo mbele, anapandisha gari kwenye kilima kile cha Panda kati ya nyumba za camp ya kampuni, anakanyaga. Gari lisipolia, anashuka, anavuta tena kidogo. Anapanda tena. Siku likianza kulia, kidogo tu, anajua amefika mwisho wa nguvu yake. Hapo anarudisha delko nyuma kwa unene wa ukucha mmoja na kufunga bulozi. "Unaivuta mpaka ilalamike," alinifundisha nikiwa msichana, "alafu unairudisha ukucha moya. Njo fasi yake ile, mahali pake." Nilipoolewa aliniambia maneno hayo hayo kuhusu mume.

Ulikuwa mwezi wa baridi nilipoisikia sauti mara ya kwanza. Tulikuwa tunarudi na mzigo, tunapanda, na chini ya miguu yangu kitu kikaanza kulia. Si kugonga kwa kishindo, kule kwa chini kunakotisha. Hii ilikuwa juu, nyembamba, ya haraka haraka. Baba akikanyaga inazidi. Tukifika juu inanyamaza.

"Papa, gari inalia," nilisema.

Alikuwa anaangalia barabara. "Eyo, barabara ni mubaya," akajibu.

Nilidhani anapuuza. Tulipofika nyumbani nikarudia kwa nguvu, na hapo akakunja uso, akafungua kapoti, kifuniko cha moteur, na kutoa fimbo. Alisikiliza muda mrefu, gari limesimama. Mimi pia nilisikiliza, na kweli hapakuwa na kitu, maana sauti ile haiji gari likiwa limesimama. Inataka kilima na mzigo. Akaniambia moteur ni mzima kabisa, ila esanse, petroli ya siku hizi, hii ya kwenye vidumu kando ya barabara, wanaichanganya na mafuta ya taa. Ndiyo sababu gari linachoka. "Nitaivuta kidogo ku delko," alisema, "ipate nguvu."

Nikakubali. Nikaenda kumgombeza yule mama anayeniuzia petroli, nikamwita majina ambayo mpaka leo namwomba Mungu ayafute. Alhamisi iliyofuata tulijaza kwenye pompi ya kweli, mpaka juu. Gari lililia zaidi.

Hivyo ndivyo ilivyokwenda, wiki baada ya wiki. Kamioneti ilikuwa nzito kilimani, na kila Jumamosi baba aliivuta kidogo ili ipate nguvu, akaipandisha kwenye kilima cha Panda na kutega sikio, akarudi akisema bado haijalalamika. Na kila Alhamisi mimi nilikaa pembeni yake na sauti ile miguuni, nikijiuliza kama nimerogwa.

Mume wangu ni dereva wa malori ya mzigo, na ana akili ya vyuma. Siku moja tulipokuwa tumeegesha kwetu Kikula, na baba ameingia ndani kunywa maji, mume wangu alifungua kapoti, akatoa buji moja na kuniwekea kiganjani.

"Angalia."

Buji iliyozoea kazi nzuri huwa na rangi ya kahawa. Hii ilikuwa nyeupe kama mfupa uliokaa juani, na kwenye ncha yake palikuwa na vitone vidogo vinavyong'aa, kama mtu ameinyunyizia chumvi.

"Ile njo pistoni," akasema kwa sauti ya chini. "Inaanza kuyeyuka. Esanse haina makosa. Papa anavuta delko anapitisha."

"Basi umuambie."

"Minye?"

"Ni weye unajua bichuma, papa ya batoto. Minye niko muuza samaki."

Akairudisha ile buji mahali pake kama mtu anayefunika uchi wa mzee. "Ni buko yangu," alisema. "Mutoto anaweza ambia papa yake shati yako imepasuka. Buko anaangalia ngambo."

Msomaji wa mbali ataona ni kisingizio. Kwetu sivyo. Mtu aliyekupa binti yake ni buko yako, nawe ni buko yake, na buko hana kasoro. Huli mbele yake ukitafuna ovyo, humshiki bega, na humwambii kwamba mwili wake au kazi yake imepungukiwa. Mume wangu, ambaye mpakani huko anagombana na watu wenye bunduki, anapomsalimia baba yangu anavua kofia na kuangalia vidole vya miguu yake. Nilimwambia heshima yake itatutobolea pistoni. Akasema afadhali pistoni.

Lakini neno lake moja lilibaki kichwani mwangu. Anapitisha. Kwa nini apitishe, mtu aliyetuambia maisha yote mahali pa kusimama? Njia yake nzima ilitegemea jambo moja, kwamba gari likilalamika atasikia.

Alhamisi iliyofuata nilirekodi sauti kwa simu, tukipanda. Jioni jua halijazama nikaenda kwa wazazi, nikakaa jikoni na mama. Baba alikuwa kwenye kizingiti cha mlango, hatua mbili kutoka kwetu, anamenya viazi vitamu kwa kisu chake. Nikafungua simu, nikaweka sauti mpaka mwisho.

Mama akainua kichwa kwenye sufuria. "Ni maharagi gani unamwanga mu sahani?"

Ilikuwa kweli. Ni sauti ya maharagwe makavu yanayomwagwa kwenye sahani ya bati. Nikarudia, mara ya pili, mara ya tatu. Kuku aliyekuwa anapita akashtuka. Baba aliendelea kumenya viazi vyake, ganda linatoka refu bila kukatika, na uso wake umetulia kama wa mtu aliye peke yake shambani.

Mama alinizimia simu mwenyewe. Akanishika mkono mpaka nyuma ya nyumba.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Kitambo. Ku kanisa njo nilijua. Amina yake ilianza kuchelewa. Bantu bote banasema amina, banakaa, alafu yeye anaamka pekee yake, amina. Sasa namupigaka ku goti."

Nilitaka kucheka na sikuweza.

"Zile sauti za chini anasikia muzuri," mama akaendelea. "Ukisema naye, simama mbele yake, usipandishe sauti juu. Ni zile za juu, za kidogo-kidogo, njo zilienda. Filimbi. Batoto bakiwa banacheka. Simu hasikiaka, njo maana nabebaka minye."

"Na haukuniambia?"

"Alikuwa anafurahi," mama akasema. "Nimunyanganye furaha yake?"

Nilimkasirikia. Mimi nina hasira za karibu, sikatai, na siku ile zilikuja zote. Nilimkasirikia mama kwa goti lake, na mume wangu kwa kofia yake, na mimi mwenyewe zaidi, maana nilikumbuka mambo mengi kwa mara moja. Baba alikuwa amelalamika kwamba wahubiri wa siku hizi hawana nguvu, wananong'ona. Kwamba birika tuliyomnunulia ni mbovu, haipigi filimbi. Kwamba mimi tangu niolewe nimejifunza kuongea ndani ya mdomo. Na msimu wa joto uliopita, tumekaa uani, mchana unachemka na nyenje wanapiga kelele mitini mpaka kichwa kinauma, alisema kwa huzuni: "Unaona, nyenje balihama. Bantu balikata miti yote juu ya kuchoma makaa." Mimi nilidhani ni mzaha wa kizee, nikacheka. Dunia yote ilikuwa inamnyamazia kidogo kidogo, na yeye aliitafutia kila sauti sababu yake ya kuondoka.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini baba hakuficha, hakujua. Sisi ndio tuliomfichia. Tulikuwa watu watatu wenye masikio mazima, tumekaa kimya, na kamioneti peke yake ilikuwa inapiga kelele kila Alhamisi ikimwambia ukweli kwa sauti ambayo hakuweza kuisikia.

Hata hivyo sikusema. Wiki mbili nzima. Nilikuwa nafungua mdomo, namwona anaifuta ile fimbo kwa kitambaa, naufunga. Watu bado walikuwa wanamletea magari. Nilijua siku nikisema, fimbo hiyo itarudi kuwa mpini wa sururu.

Kisha gari likachemka njiani. Tulikuwa tunarudi na mzigo mzito, joto la kabla ya mvua, na katikati ya kilima mvuke ukatoka. Tulishuka. Baba alisimama mbele ya kapoti na kuweka kiganja juu yake, akakiondoa kwa moto, akakiweka tena.

"Naisikiliza tangu wiki mingi," alisema, "na sisikii kitu. Kama moteur inakufa na minye sisikii fasi inaumia, basi ni uzee. Ni moyo yake inachoka. Jumatatu nitaitia ule muntu wa bichuma."

Mtu wa vyuma ni yule anayenunua magari na kuyakata vipande. Nilimjua. Anakata kwa moto, mbele ya macho yako, na jioni anayabeba kama nyama.

"Papa, haijafika kule," nikasema.

"Haujui weye. Gari ni kama muntu." Akageuka kuangalia upande mwingine. Alikuwa na huzuni ya kweli, huzuni ya mtu anayezika mwenzake wa kazi, na gari halikuwa na ugonjwa ila mkono wake mwenyewe. Tulingoja lipoe, tukarudi polepole na samaki wetu.

Jumamosi asubuhi nilikwenda Panda mapema. Nilimkuta ameosha kamioneti. Aliniambia anataka kuipandisha kilimani mara ya mwisho, aitengeneze delko vizuri, ili yule mtu akija aikute imesimama kwa heshima. "Hata maiti tunaivalishaka," alisema. Mama alikuwa mlangoni na ufagio. Aliniangalia mimi, akaanza kufagia mahali palipokwisha fagiwa.

Nikapanda naye. Tulipita kati ya nyumba za camp, kila moja na ukuta wake wa zamani na kibanda kipya mbele, mpaka mwanzo wa kilima. Akabadilisha gia. Akakanyaga.

Ilianza chini kabisa. Ilikuwa imezidi, ilikuwa gunia zima sasa, linamwagwa bila kukoma. Watu wawili waliokuwa wanateremka waligeuka kutuangalia. Na baba alikuwa ameinamisha kichwa upande, macho yameng'aa, anategea sikio lake lile mashuhuri sauti iliyokuwa imejaa gari zima.

"Unasikia?" akasema. "Hailalamiki. Nitavuta tena kidogo."

"Papa, simamisha."

Hakusikia. Nikamgusa mkono. Akasimamisha gari kando, akavuta breki, akanigeukia. Nikakumbuka maneno ya mama, nikajigeuza nikae mbele ya uso wake, na nikashusha sauti mpaka kifuani.

"Papa. Gari inalia."

Nilingoja aseme barabara ni mbaya. Lakini mara hii alikuwa amenisikia vizuri, na kwa mazoea ya miaka hamsini, kama nilikuwa mteja yeyote uani kwake, akauliza:

"Inalia kama nini?"

"Kama maharagi makavu mu sahani ya bati. Iko juu, iko kidogo-kidogo. Ukikanyaga inazidi. Ukiachilia inanyamaza. Ku kilima tu, na muzigo. Ikisimama hailii hata kidogo."

Hakufikiri hata nukta moja. "Ile ni delko," alisema. "Moto inawahi. Haiko moteur, moteur yake ni muzima. Ni fundi wake alivuta akapitisha." Akasonya. "Ile fundi ni mupumbafu. Atatoboa pistoni ya bantu."



Kisha nilimwona anafika. Sijui kueleza vingine. Aliangalia usukani, akaangalia mikono yake iliyokuwa juu ya usukani, akaangalia mbele kupitia kioo, juu ya kilima. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta, nisije nikageuza uso akakosa kuniona.

"Inalia saa hii?" akauliza. "Tulikuwa tunapanda sasa, ilikuwa inalia?"

"Eyo, papa. Tangu chini."

"Sana?"

"Sana."

"Mama yako anajua?"

"Anajua."

"Na buko?"

"Anajua. Njo yeye alitoa buji akaona. Alikuogopa."

Akatikisa kichwa taratibu, mara nyingi. "Kumbe minye njo wa mwisho," akasema.

"Unisamehe, papa. Niliogopa bantu batakuacha. Niliogopa hautakuwa tena…" Sikujua namna ya kumaliza. Nikaonyesha kwa kidevu fimbo yake, iliyokuwa imelala juu ya dashibodi.

Nikaona huo ndio mwisho, nimemuua baba yangu kwa maneno katikati ya barabara ya Panda. Kisha akafungua mlango. Nikamsikia anatoa funguo za kazi, spana zake, chini ya kiti, anafungua kapoti. Nikashuka. Alikuwa ameshalegeza bulozi ya delko, na alikuwa ananingoja.

"Kuya," aliniita. "Weye utasikia. Minye nitazungusha."

Tulirudisha delko nyuma kucha mbili, tukapanda. Nilikuwa nimeambiwa niinue kidole likilia, nikishushe likinyamaza, na niliinua kuanzia chini mpaka juu. Tukateremka. Akazungusha tena. Tukapanda. Kidole juu, lakini si tangu chini. Mara ya tatu lililia katikati tu. Mara ya nne lilingoja mpaka karibu na kilele, likatoa maharagwe matatu au manne, likaacha, na nilipoinua kidole baba akapiga usukani kwa kiganja.

"Pale," alisema. "Pale njo inalalamika. Sasa ukucha moya kurudi nyuma."

Alinionyesha kwa ukucha wake mwenyewe, mpana, wenye ufa katikati, mweusi wa mafuta ambayo hakuna sabuni iliyowahi kuyatoa. Akafunga bulozi. Halafu akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya: alichukua bisibisi, akakwaruza mstari mdogo kwenye delko na mwingine chini yake kwenye chuma cha moteur, ikutane. "Ni ya siku hautakuwa hapa," akasema.

Tulipanda mara ya tano. Gari lilikwenda kama limepunguziwa umri. Kidole changu kilikaa mapajani njia nzima. Baba hakuinamisha kichwa tena. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, myepesi, na nikamwona anatabasamu. "Naisikia ku mikono," alisema. "Iko na nguvu."

Mtu wa vyuma hakuitwa. Magari bado yanakuja Jumamosi, na mabwana wenye matumbo bado wanaigiza uani kwetu. Baba anauliza swali lake, anaweka fimbo kwa sauti za chini, na zile za juu ananiachia mimi. Anaponiuliza naye anataka jibu kamili, hapokei "inalia vibaya". Chupa za sucré sasa ni tatu. Mume wangu akija bado anavua kofia, lakini siku moja baba alimwambia, bila kumwangalia, kwamba buko mzuri ni yule anayetoa buji. Mume wangu aliangalia vidole vya miguu yake wiki nzima.

Ila ninapokumbuka siku ile, sikumbuki delko. Nakumbuka tulipofika kileleni baada ya mara ya tano, na baba akazima moteur ili ipoe. Ilikuwa karibu saa sita mchana, joto la kutisha, hakuna upepo.

"Na sasa?" akaniuliza. "Unasikia nini?"

"Hakuna kitu, papa. Ilinyamaza."

"Hakuna kabisa?"

"Nasikia nyenje tu."

Akanigeukia. "Nyenje?"

"Eyo."

"Wapi?"

"Pale mu miti. Pote."

Aliangalia ile miti michache iliyobaki nyuma ya nyumba, mmoja mmoja, kwa muda mrefu. "Beko?" akauliza. "Hawakuhama?"

"Beko, papa. Beko mingi."

Kisha akajiegemeza kwenye kiti, akanikazia macho mdomoni, na akaniuliza kwa sauti yake ya Jumamosi, ile ya kazi:

"Banalia kama nini?"

Niliangalia kushoto na kulia. Palikuwa na mama mmoja anauza mkate, na wanaume wawili wamekaa ukutani. Mimi ni mtu mzima, naheshimiwa sokoni. Nikashusha kioo, nikavuta pumzi, na nikamlilia baba yangu kama nyenje, kwa sauti ya chini kadiri nilivyoweza, mpaka akaniambia inatosha, amesikia.